Nyuzi za Jicho la Shikanga

Mchana wa siku ya kumi na moja, Inspekta Maximilla Osundwa alichukua sahani ya ugali na sukuma kutoka kwa askari wa zamu, akaingia nayo mwenyewe ndani ya seli. Akaiweka sakafuni, karibu na mguu wa kushoto wa Bramwel Shikanga. Akaegemea ukuta, akangoja.

Shikanga alikuwa ameketi kwenye benchi la saruji, macho mbele. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mbili, na ishirini kati ya hiyo ameimaliza juu ya trekta akivuta miwa kutoka mashambani hadi kiwandani. Alimwona Osundwa vizuri kabisa, akamwamkia kwa kichwa. Sahani hakuigusa. Dakika nne zikapita. Sukuma ilikuwa inatoa mvuke.

"Hauli, mzee?" Osundwa akauliza.

"Ningekula, Madam. Lakini leo hawajaleta."

Osundwa aliitazama sahani, kisha akamtazama yeye. Mtu anayeigiza hungoja uso wa anayemtazama ubadilike. Huyu hakungoja chochote. Uso wake ulikuwa umelala tangu siku aliyokamatwa, hauna hasira wala woga, na hilo pia lilikuwa limeandikwa katika faili kama ushahidi wa moyo mgumu.

"Iko hapo chini. Kushoto kwako."

Shikanga aligeuza kichwa chote, na mabega pamoja nacho, hadi kidevu kikaelekea sakafuni. Ndipo akaiona. "Asante," akasema, akaanza kula.

Osundwa alitoka nje, akafunga mlango, akasimama kwenye korido kwa muda. Alikuwa amechoka uchovu ule usiotibiwa na usingizi. Sheria ya mwaka huo wa 1998 ilimpa siku kumi na nne kumweka ndani mshukiwa wa mauaji. Siku ya kumi na nne Shikanga angesomewa shtaka mbele ya hakimu, na shtaka hilo lina adhabu moja tu, ya kamba. Zilikuwa zimebaki siku tatu. Na hadi mchana huo, yeye mwenyewe alikuwa ameridhika kwamba mtu wake ni huyu.

Kesi ilikuwa nyepesi, nyepesi mno. Saa nne asubuhi, jua likiwaka, barabara imenyooka kama rula, trekta la Shikanga lilihama kutoka katikati ya njia likaenda kushoto, likamkanyaga jirani yake Makhanu aliyekuwa amesimama ukingoni. Wawili hao walikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba. Tena miezi miwili kabla, katika matanga ya mama yake Makhanu, Makhanu alimpa Shikanga mkono mbele ya watu na Shikanga akaukataa. Mashahidi watano waliandikisha taarifa, na wote watano walianza na mkono huo. Katika sehemu zile, mtu anayekataa mkono wa mfiwa hahitaji kusema kitu kingine, ametangaza vita.

Shikanga alipoulizwa kwa nini aliukataa mkono, alijibu, "Mkono gani?" Koplo Oduor aliandika pembeni: mshukiwa alijibu kwa dharau. Alipoulizwa kuhusu macho yake, alisema yako sawa. Akapelekwa kliniki moja ya mjini, akasimamishwa mbele ya herufi za ukutani, akazisoma zote hadi mstari wa mwisho, ule mdogo ambao Oduor mwenyewe hakuuweza. Basi faili ikanona.

"Oduor," Osundwa akaita. "Leta ufunguo wa Landrover. Tunarudi barabarani."

"Madam, barabara tumeipima mara mbili."

"Tumepima pale alipokufa mtu. Leo tutapima pale ambapo hakufa mtu."

Walifika mahali pa tukio mvua ya alasiri ikianza kukusanya mawingu upande wa msitu. Osundwa hakusimama. Alimwambia Oduor aendeshe polepole, yeye akashuka akawa anatembea kando ya gari, akiangalia ukingo wa kushoto. Baada ya mita mia tatu aliinua mkono.

Nyasi za ukingoni zilikuwa zimelala. Magurudumu mapana ya trela yalikuwa yamekula udongo, yamepita juu ya kichuguu kidogo na kukivunja, kisha yakarudi barabarani bila haraka. Alama zilikuwa kavu, za wiki kadhaa. Mita mia mbili mbele waliona nyingine. Kwenye kalvati, kile kidaraja cha mtaro, jiwe jeupe la pembeni lilikuwa limevunjwa sikio, na rangi nyekundu ya trekta bado iko juu yake.

Oduor alichutama, akapima upana wa alama kwa futi yake. Akaitazama namba katika daftari lake. "Ni trela lile lile."

"Hapa palikuwa na nani wa kuuawa?"

Oduor alikunja futi yake. Alikuwa askari mzuri aliyependa kesi ziishe kabla ya chakula.

"Kama alikuwa anamwinda mtu," Osundwa akasema, "mbona anawinda vichuguu? Huyu huenda kushoto kila siku. Siku moja tu ndipo palipokuwa na mtu."

"Au ni dereva mbovu, Madam."

"Miaka ishirini bila kosa kwenye leseni. Ubovu umeanza lini?"

Oduor akafunga daftari. "Ukimpeleka mbele ya hakimu useme haoni, prosekuta atacheka. Mtu amesoma herufi zote. Halafu kuanzia wiki ijayo kila mwizi wa kuku atakuwa kipofu."

Hapo alisema kweli, na Osundwa alilijua hilo. Neno la mshukiwa kuhusu macho yake mwenyewe halina uzito. Isitoshe, huyu mshukiwa hata hakuwa akisema haoni.

Mvua iliwakuta nyumbani kwa marehemu. Naliaka, mjane wa Makhanu, aliwakaribisha ndani bila kuwatazama, akawasogezea viti, akaleta chai. Alifanya yote hayo kama mtu anayepanga vitu vya mtu mwingine. Osundwa hakumpa pole tena. Zilikwisha kutolewa nyingi na hazikusaidia.

"Mama, nataka kuuliza juu ya ule mkono."

"Nimeshasema."

"Ulisema mkono ulikataliwa. Hukusema ulitolewa vipi. Nionyeshe. Mimi ni Shikanga."

Osundwa alisimama katikati ya chumba, uso ukielekea dirishani. Naliaka alimtazama kwa muda, kisha akainuka polepole.

"Alikuwa anaangalia jeneza," akasema. "Hivyo ulivyo. Baba Edah, mume wangu, akatoka upande huu." Akaja kutoka kushoto kwa Osundwa. "Ngoma za isikuti zilikuwa zinalia, hakuna mtu aliweza kuongea. Akafanya hivi."

Alikunja magoti, akainamisha kichwa, akashika kiwiko cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaunyoosha mkono chini, karibu na kiuno cha Osundwa. Hivyo ndivyo mdogo humpa mkubwa mkono, tena siku ya msiba, tena mbele ya wazee. Makhanu alikuwa mdogo kwa Shikanga kwa miaka kumi na miwili.

"Akakaa hivyo kwa muda gani?"

"Hadi watu wakaona. Yeye Shikanga akaangalia tu mbele. Halafu akaenda zake."

Osundwa, akiwa bado ametazama dirishani, aliona kwa pembe ya jicho vidole vya Naliaka vikingoja pale chini. Angekuwa hana pembe ya jicho, asingeona kitu. Heshima yenyewe ndiyo iliyoushusha mkono hadi mahali ambapo huenda mtu yule hakuwa na macho.

"Na siku ya trekta," Osundwa akauliza, "mumeo alikuwa anafanya nini barabarani?"

Naliaka alirudi kitini. "Alikuwa anaenda kumsimamisha. Alisema atajaribu tena, waongee wawili, watu wasiwepo. Nikamwambia wachana na huyo mtu. Alinikatalia." Akachukua kikombe cha Oduor, ambacho bado kilikuwa na chai, akakipeleka jikoni.

Hakuna aliyemwambia kwamba kikombe hakijaisha.

Kliniki ya macho ya misheni ilikuwa Shirere, nyumba mbili za mabati mekundu na foleni ndefu ya wazee kwenye veranda. Tangazo lake lilikuwa limebandikwa posta tangu Julai: mashine mpya ya leza ya kupiga picha nyuzi za jicho, kwa miezi miwili tu, kwa ajili ya utafiti wa glakoma, ule ugonjwa ambao wengi huuita presha ya macho. Osundwa alikuwa amelisoma akinunua stempu, akalisahau, hadi sahani ya ugali ilipomkumbusha.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili alimfikisha Shikanga pale, pingu zikiwa zimefunikwa na koti. Mwenye mashine alikuwa Daktari Jepchirchir, mwanamke mfupi, kimya, aliyefunga mlango na kuvuta pazia jeusi kabla hata ya kuuliza majina. Ndani kulikuwa na meza, kompyuta, na kifaa chenye mahali pa kuweka kidevu. Jenereta ilikuwa inanguruma nje kwa sababu umeme wa Kakamega haukuaminika.

"Nieleze kama utakavyomweleza hakimu," Osundwa akasema.

"Nyuma ya jicho kuna nyuzi za neva, zaidi ya milioni moja. Ndizo zinazobeba picha kwenda kwenye ubongo. Mwanga wa leza, dhaifu, hauumi, ukipita ndani ya nyuzi hizo unacheleweshwa kidogo. Nyuzi zikiwa nene, unachelewa zaidi. Zikiwa zimekufa, hauna cha kuuchelewesha. Kompyuta inapima na kupaka rangi. Nyekundu na njano ni nene. Buluu ni nyembamba. Nyeusi ni zilizokufa."

"Na mtu anaweza kuidanganya?"

"Herufi za ukutani unaweza kuzidanganya. Ile ya kubonyeza kitufe ukiona nukta ya mwanga, unaweza kuidanganya pia, unakaa tu usibonyeze. Hii haimwulizi mtu kitu."

Osundwa akageuka. "Oduor, kaa."

"Mimi? Madam, mimi sina kesi."

"Ndiyo maana."

Oduor aliweka kidevu mahali pake akiwa amekaza meno kama mtu anayeng'olewa jino. Mashine ikalia mara moja. Ilikuwa imekwisha kabla hajapata wa kumlalamikia. Kwenye kompyuta ilitokea duara, na kulizunguka, juu na chini, matao mawili mapana ya njano na nyekundu.

"Mzima," daktari akasema.

"Nilijua," Oduor akasema, akapumua.

Shikanga aliketi. Osundwa aliandika saa, akaandika namba ya picha. Jicho la kulia: tao la chini lilikuwepo, njano. La juu lilikuwa buluu, na mahali pengine jeusi. Jicho la kushoto lilikuwa buluu tupu, juu na chini. Osundwa akaomba zirudiwe. Zikarudiwa. Zikatoka vile vile.

Daktari hakuharakisha. Alimpima presha, akachukua taa yake ndogo, akaangalia ndani ya kila jicho kwa muda mrefu. Halafu akamwekea ile mashine ya kubonyeza kitufe, na nukta alizozikosa Shikanga zilikuwa pale pale ambapo picha ilisema hatakuwa na kitu.

"Mashine hii ni mpya, peke yake nisingeapa kwayo," akasema. "Lakini presha ya macho ni thelathini na nne, ilhali ya kawaida haipiti ishirini na moja, na mzizi wa neva umechimbika kama kikombe. Vyote vinasema jambo moja. Picha ndani ya jicho hukaa juu chini, kwa hiyo nyuzi za juu zikifa, mtu anapoteza chini. Huyu jicho la kushoto linaona kwa tundu la katikati tu. La kulia halioni chini. Yaweke pamoja."

"Chini, kushoto," Osundwa akasema.

"Hapo hana kitu, hata ukingo wa barabara."

Shikanga alikuwa akisikiliza kwa adabu, kama habari za mtu wa kijiji kingine. "Daktari," akasema, "mimi naonanga vizuri. Ningeona giza ningesema."

"Hakuna giza, mzee. Ubongo haupendi pengo, unalijaza. Kukiwa na nyasi pembeni, unaongeza nyasi. Unaona vizuri kile unachokitazama. Na hiyo katikati ndiyo hufa mwisho, ndiyo maana herufi unazisoma."

"Kwa hiyo Makhanu..."

"Ulimwona?" Osundwa akauliza. Alikuwa ameuliza hivyo mara kumi katika siku kumi na mbili.

"Nimekwambia, alitoka hewani. Nikasema basi, macho ni mazima, barabara ni nyeupe, kumbe ni roho yangu ilimtaka. Nilikuwa na hasira naye. Kwenye matanga nilimwona akija kando yangu, akakaa kimya hadi nikaenda zangu. Hata hakunisalimia. Nilikubali tu kwamba nimemuua."

Osundwa alimweleza habari ya mkono. Alieleza kama ripoti: upande, urefu kutoka chini, magoti yaliyokunjwa, kiwiko kilichoshikwa, watu waliokuwa wakitazama. Shikanga alisikiliza hadi mwisho. Hakulia. Alitazama mikono yake iliyofungwa, ikabidi ainamishe kichwa sana ili aione.

"Sikujua," akasema.

Osundwa alisikia huruma, akaiona ikimpitia na kwenda, kwa kuwa bado kulikuwa na kazi. Picha ziliandikwa namba na saa, daktari akatia sahihi nyuma ya kila moja, Oduor naye akatia kama shahidi. Kisha Osundwa akaomba meza ya daktari, akatoa karatasi, akaandika taarifa ya nyongeza ya mshukiwa kwa mwandiko wake wa duara. Hapangekuwa na shtaka la mauaji. Pengine prosekuta angeleta la uendeshaji, na hakimu angeona picha zile buluu, na Shikanga angelala kwake kabla ya mwezi kwisha. Hata Oduor alikuwa ameanza kupiga mluzi.

"Leseni utairudisha," Osundwa akasema. "Hutaendesha tena."

"Ndiyo."

"Dawa za matone zitalinda kilichobaki," daktari akaongeza. "Kilichokwenda hakirudi. Na watoto wako uwalete, ugonjwa huu hutembea katika damu."

"Ndiyo." Shikanga akafikiri. "Daktari, huu ulianza lini?"

"Huenda polepole. Kufika hapa, miaka saba. Labda kumi."

"Mwaka jana ulikuwepo?"

"Mwaka jana ulikuwa karibu hivi hivi."

Osundwa alimsogezea karatasi na kalamu. Shikanga hakuishika kalamu.

"Madam, usifunge bado."

"Kuna nini?"

"Mwaka jana, mwezi wa pili. Hapo chini, karibu na kalvati, kabla ya kona ya Mumias. Saa moja jioni, nimebeba mzigo wa mwisho. Trela iliruka upande wa kushoto. Nikasema ni jiwe." Alikuwa anaongea taratibu, akichagua. "Nilipofika nikaosha magurudumu. La nyuma lilikuwa na kitu cheupe. Nikasema ni chokaa ya shamba. Lakini maji yalipoigusa ikawa kama uji. Ikashika vidole."

Mluzi wa Oduor ulikatika.

Osundwa aliirudisha kalamu upande wake. Alikuwa anaifahamu kalvati, na mwezi wa pili, na unga. Mama mzee aliyeitwa Khalayi, miaka sitini na minane, alikuwa anatoka kusaga mahindi. Walimkuta mtaroni asubuhi, beseni limepondeka, unga wa kilo nne umemwagika barabarani, mvua imeugandisha. Faili hiyo aliifungua yeye na kuifunga yeye: gari halikujulikana.

"Mzee Shikanga," akasema, "sikiliza vizuri. Hulazimiki kusema neno lolote kuhusu hilo. Ukisema, nitaliandika, na linaweza kutumiwa dhidi yako mahakamani. Ulikuwa unakaribia kwenda nyumbani."

"Naelewa."

"Hakuna aliyekuuliza."

"Naelewa, Madam. Alikuwa mtu?"

Osundwa angeweza kusema hajui. Sauti ya jenereta ilijaza chumba. "Alikuwa mama mzee," akasema.

"Walimshika nani?"

"Hatukumshika mtu. Wanawe walimshuku jirani mwenye pikapu ya mkate. Walimchomea pikapu. Akahama na watu wake."

Shikanga alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyesomewa namba yake kwenye foleni. Akamtafuta Osundwa kwa uso wote, hadi akampata pale katikati ambapo bado palikuwa na mwanga.

"Andika," akasema. "Uwaambie ni mimi. Huyo wa pikapu arudi kwake."

Osundwa akatoa karatasi mpya, akaandika tarehe.